Nilichokuwa Nikifanya Kule Marungu

Kalemie, tarehe 2 Septemba 1979

Kwako yaya wangu, dada yangu mukubwa Adolphine, Kabalo,

Pokea salamu za mudogo wako Séraphine, salamu za mikono miwili. Umupe shemeji zake, na watoto uwagawie mumoja mumoja wasigombane. Habari ya Kabalo? Habari ya goti lako? Mara ya mwisho nilikuacha unapanda ngazi za stasio ya treni kwa kushika ukuta, na tangu hapo kila mugonjwa wa goti anayeingia kwetu namuuliza maswali kupita kiasi. Natumaini ile dawa ya kupaka imekusaidia. Papa, baba yetu, naye sina haja ya kuuliza, maana kwa jinsi ulivyoniandikia amepata nguvu za kijana.

Mimi mwilini niko muzima. Nakula, naenda kazini, napima watoto. Lakini moyo hautulii, yaya. Nimepasua karatasi nyingi kabla ya hii. Naandika musitari mumoja, nasimama, naenda mulangoni, naangalia ziwa lilivyochafuka kwa upepo wa kusini, narudi, nakuta nimesahau nilichotaka kusema. Leo ni Jumapili, watu wote wako kwenye misa, na mimi ambaye wanasema ni mutakatifu nimebaki nyumbani nauma kalamu ya bic.

Barua yako nimeipata. Uliandika kwa haraka mpaka salamu ukazisahau, wewe ambaye ulitufundisha sisi wote kuandika salamu! Unaniuliza kama ni kweli naingia kwa mamère, niwe sista. Unasema Papa anatembea Kabalo nzima akipokea pongezi, kwamba amekwisha kumuambia padri wenu, na kwamba mwezi ujao atapanda treni kuja kurudisha mali yote ya ndoa ambayo wazazi wa Anatole walitoa kwa ajili yangu: vikwembe vya kitenge, cherehani, mbuzi pamoja na wale waliozaliwa. Na wewe unaniuliza kwa nini hukusikia habari hiyo kutoka kwangu mwenyewe.

Hukuisikia kwangu kwa sababu si ya kweli. Siingii kwa mamère. Sijawahi kuota jambo hilo hata nikiwa na homa. Mimi namutaka Anatole, yule fundi wa umeme wa kiwanda cha simenti cha Kabimba, yule murefu aliyemaliza sufuria yako ya sombe, majani ya muhogo, na bado ukamupenda. Namutaka, yaya, naliandika wazi ili ulisome wazi, na kama Papa atakuja kurudisha ile mali, mimi sijui nitafanya nini. Kwa hiyo soma barua hii mpaka mwisho, na uisome ukiwa peke yako. Shemeji usimupe. Shemeji anacheka kwa sauti, na nyumba zenu zimebanana.

Nianze na kazi. Unajua kwamba tangu nimalize masomo ya uuguzi sikutaka kukaa kwenye dispansari kupima watoto kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nilitaka turne, ile safari ya kwenda kijiji kwa kijiji na chanjo ya surua. Unanijua, miguu yangu inawasha nikikaa. Lakini shefu wetu wa turne, Bonaventure (ofisini, ndani ya biro, wote tuna majina mengine sasa, ya Kiafrika, tangu serikali ikataze yale ya ubatizo, unajua mambo ya siku hizi, lakini sisi tunamuita hivyo), alikuwa anakataa wanawake. Sababu yake ni kwamba kuna dada mumoja alikwenda kabla yangu, akarudi anabebwa kwenye kitanda cha miti, homa kali, kibofu kimeungua. Wanaume wakasema umeona, mwanamuke hana miguu ya mulima.

Kumbe miguu yake haikuwa na shida. Shida ilikuwa haja ndogo! Alikuwa anajizuia toka asubuhi mpaka wanapofika kijijini, na ili aweze kujizuia akaacha kunywa maji, juani, siku baada ya siku. Nani asingeugua? Mwanaume akisikia haja anageuka tu kando ya njia, hata hadithi aliyokuwa anaipiga haikatizi. Mwanamuke ni lazima atafute pori, ajifiche, achuchumae, atoke, awakimbilie wenzake. Na wao hawangoji. Chanjo inabebwa ndani ya sanduku la barafu, na barafu ikiyeyuka kabla ya kufika, dawa inakuwa maji ya kumwaga. Bonaventure anatembea kama mutu anayefukuzwa na ile barafu. Kisha, yaya, wewe ulitoka kule juu ungali mudogo, labda umesahau: ukishamaliza kupanda kutoka Moba, Marungu hakuna pori. Ni nyasi fupi, nyasi, nyasi, na upepo. Ng'ombe akisimama kule ng'ambo unaona mpaka mapembe yake. Utajificha nyuma ya nini?

Bonaventure alikubali kunichukua mara moja tu, kwa kunijaribu. Aliniambia mbele ya wote kwamba nikiwachelewesha siku moja, nitarudi kwenye kilo za watoto mpaka uzee wangu.

Nilikwenda kumulalamikia Mamère Emilie, mukubwa wa dispansari yetu. Huyu mama wa kizungu ametembea milima ile kwa miguu na kwa pikipiki kabla mimi sijazaliwa. Unakumbuka sisi watoto tulikuwa tunabisha kwamba mamère hawakojoi? Wewe uliapa kabisa. Basi alinisikiliza, akafunga mulango, akafungua kabati lake la nguo na kutoa kamufuko ka kitambaa. Ndani kulikuwa na kopo la maziwa lililokatwa kwa upande, midomo yake imekunjwa na kuzungushiwa sparadra, ile plasta ya vidonda, ili isikate, na chini limeunganishwa na kamupira ka lavema, kale ka kuoshea tumbo, karefu kiasi cha mukono. Ni kama ile entonwari ya kumiminia petroli, ila imelala kidogo na kutengenezwa ifuate mwili wa mwanamuke. Fundi bati wa misheni, njo yeye aliyetengeneza, na mpaka leo anaamini ni ya taa.

Akanieleza bila aibu yoyote, utafikiri ananifundisha kupiga sindano. Unavaa kikwembe kipana, unasimama wima kama mwanaume, unaingiza chombo chini ya nguo, unakibana vizuri, kamupira unakaelekeza mbele kwenye nyasi na kwenye muteremko, na hasa huna haraka. Ukimaliza unasuuza kwa maji kidogo ya chupa, unakunja, unatia mufukoni. Jioni unachemusha maji kama ya sindano na kukiosha. Kwa njia hiyo, alisema, amekunywa maji yake kila siku kwa miaka yote na kibofu chake hakijamusumbua. Alinipa cha kwake cha pili, kipya.

Nilijifunza ndani ya bafu ya hapa kwetu. Yoo! Mara ya kwanza nililowesha muguu muzima na kandambili, na jirani yangu, jina lake Mujinga, akauliza kwa nje kama nilikuwa nafua ukuta. Mara ya pili kamupira kalichomoka. Lakini nilishika njia, na siku tulipopanda boti kwenda Moba nilikuwa na furaha ambayo siwezi kukueleza. Nilikunywa maji ndani ya boti mbele ya wanawake waliokauka midomo, na wakaniangalia kwa huruma, wakifikiri sijui ninachofanya.

Tulipofika Moba ndipo moyo uliponiruka. Bonaventure alikuwa amekodisha muongozaji anayejua njia zote za juu, na yule muongozaji aliyekuja na fimbo yake na kofia yake ya zamani alikuwa Papa Adalbert. Baba yake Anatole, yaya! Baba mukwe wangu!

Hapa sihitaji kukufundisha buko yetu, ile miiko ya wakwe, wewe mwenyewe ulipoolewa ulikaa muda murefu bila kula mbele ya wakwe zako. Mimi na Papa Adalbert tulikuwa hatujawahi kuangaliana usoni. Nikimusalimu napiga magoti na kuangalia chini, yeye anajibu akiangalia pembeni. Kwa watu wa nyumbani kwetu, baba mukwe akimuona muke wa mutoto wake akiwa uchi, au akimuona anachuchumaa, hiyo si kicheko. Ni kosa la kuitiwa wazee. Ndoa zimevunjika kwa hilo, wewe unazijua. Na sasa nilitakiwa kutembea nyuma ya huyo muzee siku zote zile, kwenye mulima usio na hata kichaka. Nusura nirudi kwenye boti. Kilichonizuia ni kiburi tu, niliiona sura ya Bonaventure inangoja nirudi.

Siku ya kwanza tulipanda, na kwenye mawe kulikuwa na pa kujificha. Siku ya pili tukatokea juu. Saa zikapita. Nilikuwa nimekunywa maji, mimi mujanja. Ikafika mahali siwezi tena kutembea sawasawa. Nikatoka njiani, nikasogea kando, nikawapa mugongo, nikaangalia bonde. Nilisimama wima, kikwembe kimenifunika mpaka kwenye viatu, na nikajiambia kwamba mwanamuke aliyesimama anaangalia bonde hamushitui mutu.

Sasa fikiria mwenyewe, yaya. Mikono yangu yote miwili iko mbele, maana ni lazima nishike kopo. Kichwa kimeinama, maana ni lazima niangalie kamupira kanaelekea wapi. Nimesimama kimya, sisogei. Nyuma yangu nikasikia hatua zote zimekoma. Halafu nikasikia sauti ya Papa Adalbert, nzito, inaanza: Salamu Maria, umejaa neema...

Nilitaka kufa. Nilitupia jicho la pembeni. Muzee amevua kofia. Wabebaji, na masanduku kichwani, wamefunga macho. Bonaventure, ambaye kanisani anaonekana Krismasi peke yake, amefunga macho na kuinamisha kichwa. Wote wanaitikia! Mimi huku, maji yaliyonitesa tangu asubuhi yalikuwa yamekataa kutoka kwa woga, kisha yakatoka yote, na wao wanasema utuombee sisi wakosefu. Nilipomaliza na kukunja vitu vyangu, muzee alikuwa anafika kwenye Amina. Nikageuka. Wote wananiangalia kwa heshima. Ningefanya nini? Nikapiga ishara ya musalaba.

Ile ishara njo iliyoniua, yaya. Toka hapo ikawa desturi ya safari. Kila niliposogea kando na kuinamisha kichwa, Papa Adalbert alisimama, akavua kofia, na wanaume wote wakaomba mpaka nimalize. Bonaventure ambaye hasimami hata mubebaji akikanyaga mwiba, alisimama bila kunung'unika, barafu yake inayeyuka. Mimi nikawa nakunywa maji yangu, nguvu zinanirudia, mbele ya wengine kwenye miteremko yote. Hakuna siku niliyowachelewesha. Na uvumi ukatutangulia. Tulipofika vijijini, akina mama waliokuwa wanaficha watoto kwa kuogopa sindano waliwaleta wenyewe, kwa sababu wamesikia kuna dada anayeomba njia nzima. Mutoto hata mumoja hakubaki bila chanjo kwenye vijiji vile. Bibi mumoja alinishika mukono akauweka kwenye jicho lake bovu. Nilimupa dawa ya macho, lakini niliona kwamba haikuwa dawa aliyoitaka.

Usifikiri nilikuwa nacheka ndani ya moyo. Mara mbili tatu nilicheka, ndiyo, usiku nikiwa peke yangu chini ya blanketi. Lakini siku ya mwisho, karibu tuanze kushuka, nilikuwa nimekwisha kumaliza haja yangu na kukunja kamufuko, na bado nilibaki nimesimama. Upepo ulikuwa umelala kidogo, ziwa linaonekana chini kabisa, na zile sauti za wanaume nyuma yangu zilikuwa zinaendelea. Nikaitikia na mimi. Niliwaombea wote, na wewe na goti lako. Hiyo ilikuwa sala ya kweli, na ukitaka kumuambia Papa, muambie hiyo moja.

Tuliporudi Kalemie, Bonaventure alisema mbele ya biro nzima kwamba hatapanda tena mulima bila mimi. Nililia kwa furaha. Lakini siku hiyohiyo alikwenda kumuhadithia padri wa parokia yetu, na padri ni rafiki wa Papa tangu zamani, akamuandikia. Mengine unayajua kuliko mimi. Unajua ile ahadi Papa aliyomupa Mungu wakati wa vita vya waasi wa Simba, alipojificha ndani ya matete ya muto Lukuga na maji yamemufika shingoni: kwamba akitoka muzima, mutoto wake mumoja atakuwa wa kanisa. Sisi wote tumekua, ninyi wengine mumeolewa, ahadi imebaki inamungojea. Sasa anaona Mungu mwenyewe amekuja kuchagua. Namuonea huruma. Lakini hakunichagua Mungu, yaya, lilinichagua kopo la maziwa!

Nilimukimbilia Mamère Emilie aniokoe. Alifuta miwani yake. Akasema kama nataka kuingia kwao nitakaribishwa, na kama sitaki, hakuna anayeweza kunilazimisha, lakini yeye hawezi kusimama mbele ya parokia na kueleza kile chombo, kwa sababu kesho yake watu wote wangekuwa wanauangalia mufuko wake. Hapo nilimukasirikia sana. Sasa hasira imepungua.

Anatole alikuja kutoka Kabimba mara tu aliposikia. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa na kofia yake magotini, vumbi la simenti bado kwenye nyusi, akangoja mpaka nimupime mutoto wa mwisho. Akaniambia kwamba kwa mwanaume mwingine angenipigania, lakini na Mungu hagombani. Aliniuliza kama nina neno la kumuambia. Neno lilikuwa hapa, yaya, kwenye meno. Lakini nitamuambiaje? Kwamba nilikuwa nakojoa, na baba yako amesimama nyuma yangu hatua chache, na kila siku? Lile neno likitoka, ni baba yake aliyeona, ni buko imevunjwa, na ndoa imekwisha kwa njia nyingine. Nikisema namupoteza, nikinyamaza namupoteza. Nilinyamaza. Alivaa kofia akaenda zake, na mimi nikaingia stoo ya dawa nikajifungia.

Toka siku ile sikai. Natembea mpaka bandarini na kurudi bila sababu. Mujinga ameniuliza kama nimepoteza kitu.

Mwisho nilikwenda kwa Mama Agathe. Huyu ni dada yake Papa Adalbert, shangazi wa Anatole, mujane anayeanika ndagala kule ufukoni, na unajua kwamba shangazi njo anayeruhusiwa kubeba maneno ambayo wengine hawawezi kuyashika. Nilimueleza yote toka mwanzo. Nilipofika kwenye ishara ya musalaba alianguka kutoka kwenye kiti chake, akaangukia ndagala, akabaki pale anapiga muchanga kwa mikono. Alicheka mpaka wauza samaki wengine wakaja kuuliza nani amekufa. Kisha akataka kukiona chombo. Akakigeuzageuza, akaniuliza kwa nini wanawake wa ziwa hawajaambiwa, yeye aliyevuka maji maisha yake yote na ulimi umekauka kwa kuogopa kunywa. Kesho yake fundi bati mwingine alikuwa anamukatia kopo la kwake. Mumoja tena anayeamini ni ya taa.

Akapanda boti kwenda Moba kuonana na kaka yake. Jana amerudi. Na sasa, yaya, nakuja kwenye jambo lenyewe lililonifanya nipasue zile karatasi zote.

Mama Agathe anasema alimukuta kaka yake amekonda. Alipoanza kumueleza kwa kuzunguka, kwa maneno ya pembeni, muzee aliinua mukono akamunyamazisha. Alimuambia kwamba anajua. Kwamba alijua tangu mara ya kwanza kabisa.

Alisema amepita na watu kwenye milima ile tangu ujana wake, mapadri, wawindaji, wazungu wa kuchimba mawe, na mutu anayesema na Mungu na mutu anayepunguza maji hawasimami namna moja. Siku ile aliona mubebaji wa nyuma ameanza kugeuza shingo na kutabasamu. Akajua kwamba neno moja la yule mwanaume likifika kijijini, mimi nimeharibika. Lakini yeye kama baba mukwe hakuweza kuwaambia wasiangalie. Kusema musiangalie ni kukiri kwamba kuna kitu cha kuangalia, na kwamba yeye amekwisha kukiona. Kwa hiyo akavua kofia na kuanza Salamu Maria, maana kwa watu wetu hakuna mwanaume atakayebaki na macho wazi muzee akianza kuomba. Alikuwa anarefusha sala au kuifupisha kwa kusikiliza nyasi. Na alisema asifikiriwe kwamba alikuwa anamuchezea Mungu, aliomba kweli, kila mara. Alikuwa anaomba nimalize kabla ya Amina.

Yaya, nililia kama mutoto. Huyu muzee ambaye sijawahi kumuangalia usoni! Mimi nilifikiri nawadanganya, kumbe yeye njo aliyekuwa ananifunika, siku baada ya siku, kwa kitu cha heshima kuliko vyote alivyokuwa navyo. Kisha habari ya umamère ilipozuka, akabaki amekamatwa kama mimi. Asingeweza kuikanusha bila kusema alichojua. Mimi hapa nanyamaza kwa heshima yake, yeye kule Moba ananyamaza kwa heshima yangu, na Anatole katikati anatuponyoka sote wawili.

Papa Adalbert amefikiri, na ameamua hivi. Mubeba barua hii ni Gaspard, kondakta wa treni, mutu muaminifu. Pamoja na barua anakuletea mbuzi jike mweusi, ambaye Mama Agathe amevuka naye kutoka Moba. Si zawadi. Ni faini ya buko. Papa Adalbert anasema mbele ya wazee wa kwao na mbele ya Papa kwamba yeye aliona, na kwamba kosa ni la macho yake, wala si langu. Anajua jina atakaloitwa kwa hilo. Pale Moba watoto watamuimbia njiani.

Sasa nisikilize vizuri. Mutu baki halipi faini ya buko. Analipa mukwe peke yake. Kwa hiyo umufunge yule mbuzi mbele ya nyumba mchana, watu wakiwa wanapita, umuite Papa, umueleze yote haya kwa kinywa chako, kwa sababu mimi mutoto wake siwezi na wewe mukubwa unaweza. Usifiche kopo, usifiche kamupira. Akicheka, afadhali. Akilia kwa ajili ya ahadi yake ya Lukuga, kaa naye, usimuharakishe, umuambie ile sala moja niliyokuambia. Halafu umupe kamba mukononi. Akiishika ile kamba, amekubali kwamba Papa Adalbert ni mukwe wake, na ile mali ya ndoa hairudi popote.

Huyu muzee amekubali kuitwa baba mukwe aliyeona, mpaka siku ya kufa kwake, ili asinipoteze. Nakuomba kwa magoti yangu mawili, yaya, musimurudishie mbuzi wake.

Nisalimie Papa kabla hujamueleza, na umusalimie tena ukishamaliza. Umusalimie shemeji, naye akikuuliza unasoma nini muambie ni habari za dawa. Watoto nawabusu. Mungu alilinde goti lako na nyumba yenu yote. Gaspard atarudi na treni ijayo, unitumie jibu kwa mukono wake hata kama ni neno moja.

Ni mimi mudogo wako, ninayelingoja hilo neno nikiwa nimesimama, maana kukaa siwezi,

Séraphine